Refa katuonea, katubagua au katudhulumu? Kuchagua neno sahihi la kutotendewa haki

Dakika ya 89, penalti inakataliwa. Jukwaa zima linalipuka, na ukitega sikio utagundua kwamba watu hawalalamikii kitu kimoja. Wa kwanza anasema, "Refa anawabeba hawa!" Wa pili, "Katuonea!" Wa tatu, "Katudhulumu penalti yetu!" Wa nne, ambaye ndiye aliyenichokoza niandike haya, anasema, "Mbaguzi huyu, katubagua!" Wote wanne wameudhiwa na filimbi ileile. Tuhuma zao, hata hivyo, ni nne tofauti, na mmoja wao ametoa tuhuma ambayo hataweza kuitetea akiulizwa.

Maandishi yetu yana tatizo hilohilo. Upendeleo, ubaguzi, uonevu, dhuluma na chuki hutumika kana kwamba ni majina matano ya jambo moja, na mwandishi huokota lile linalosikika kali zaidi siku hiyo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 haikuyachukulia hivyo. Ibara ya 9, inapotaja maovu ambayo nchi inapaswa kuyaondoa, imeyapanga katika orodha moja: dhuluma, vitisho, ubaguzi, rushwa, uonevu, upendeleo. Wanasheria wanajulikana kwa kurundika visawe, lakini hapa kila neno lina mzigo wake.

Vigezo vya kuyapimia

Maswali manne yanatosha. Jambo lenyewe liko wapi, bado liko moyoni na kichwani au limeshakuwa tendo? Sentensi inamtazama nani, aliyefaidika, aliyeumia au mwenye nguvu? Je, ni lazima aliyeumia awe ameumia kwa sababu ya kundi lake? Na mwisho, neno linakaaje kwenye sentensi: linataka "kwa", "wa" au "dhidi ya", na kitenzi chake kinabeba nini?

Swali la tatu ndilo linalorukwa mara nyingi. Shabiki wa nne aliliruka.

Upendeleo

Upendeleo umetoka kwenye kupenda, kisha kupendelea, na haujausahau ukoo wake. Macho yake yako kwa aliyefaidika. Ukiandika "kulikuwa na upendeleo katika ajira hizi", swali la kwanza la msomaji ni nani kapendelewa. Aliyenyimwa yupo, ila amesimama pembeni ya picha. Neno halihitaji kundi, mtu mmoja anatosha. Wala halihitaji chuki, kwa sababu mkuu wa idara anaweza kumpa cheo mpwa wake huku akiwatakia heri waombaji wengine wote. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Upendeleo unaweza hata kumwingia mtu bila mwenyewe kujua. Mwaka 2005 wanauchumi Luis Garicano, Ignacio Palacios-Huerta na Canice Prendergast walichapisha utafiti kuhusu waamuzi wa ligi kuu ya Hispania. Waligundua kwamba waamuzi waliongeza muda mrefu zaidi mwishoni mwa mechi pale timu ya nyumbani ilipokuwa nyuma kwa goli moja kuliko ilipokuwa ikiongoza kwa goli moja. Wahenga walisema ukipenda, chongo utaita kengeza. Hawa hata hawakupenda, walikuwa tu katikati ya kelele za maelfu ya watu. Sentensi inayowafaa ni "Waamuzi waliwapendelea wenyeji." Kuandika "waliwabagua wageni" ni kupotoka, kwa kuwa mgeni wa wiki hii ndiye mwenyeji wa wiki ijayo.

Kwenye sentensi, upendeleo huenda na "kwa": upendeleo kwa wenyeji. Ukitumia "wa" unaleta utata, maana "upendeleo wa refa" ni ule alioutoa refa au ule aliopewa refa? Tatizo kubwa zaidi, hasa katika maandishi ya teknolojia yanayotafsiriwa harakaharaka, ni "upendeleo dhidi ya wanawake". Hebu isome polepole. Kumpenda mtu dhidi yake? Ndani ya upendeleo kuna kupenda, na kupenda hakuendi kinyume cha anayependwa. Ukitaka kutaja walioumia, badilisha neno uandike "ubaguzi dhidi ya wanawake". Ukitaka kubaki na upendeleo, geuza sentensi iwe "mfumo unawapendelea wanaume". Mimi nikilikuta "upendeleo dhidi ya" nalikata bila kuuliza.

Jambo lingine: kitenzi ni kipole kuliko nomino. "Napendelea kusoma alfajiri" haina kosa lolote, na "mapendeleo" kwenye mipangilio ya simu ni chaguo zako tu. Tuhuma huanza pale mtu mwenye wajibu wa kugawa kwa haki anapogawa kwa kupenda. Mitaani kuna maneno ya rangi zaidi: timu inabebwa, kazi zinatolewa kwa undugunaizesheni. Hayo yaache kwenye mazungumzo na makala za kuchekesha. Ripoti ya zabuni au ya ajira itaandika "upendeleo wa kindugu".

Linamfaa mwandishi anayemjua aliyefaidika na anayeweza kuonyesha kwamba hakustahili zaidi ya wengine. Kama humjui, tafuta neno jingine.

Ubaguzi

Kubagua ni kutenga, kuweka hiki huku na kile kule, na zamani halikuwa na dhambi ndani yake. Bado tunasema kifo hakibagui, na ajali haichagui wala haibagui. Lilipohamia kwa watu likawa tuhuma, na tuhuma hiyo inamtazama aliyetengwa.

Hapa kundi ni sharti. Katiba niliyoitaja ina bahati ya kuwa na maelezo ya neno lenyewe kwa Kiswahili, katika ibara ya 13: kubagua ni kuwatendea watu tofauti kwa kuzingatia utaifa wao, kabila, pahala walipotokea, maoni yao ya kisiasa, rangi, dini, jinsia au hali yao ya maisha, kwa namna inayowafanya watu wa aina fulani wahesabiwe kuwa dhaifu au duni na kuwekewa vikwazo. Vipande viwili lazima viwepo: kundi, na kushushwa. Shabiki wa nne akisoma orodha hiyo atakuta rangi imo. Rangi ya jezi haimo.

Kisarufi, ubaguzi una milango miwili, na mikataba miwili ya Umoja wa Mataifa inaionyesha vizuri. Ule wa mwaka 1965 ni wa kutokomeza aina zote za ubaguzi wa rangi. Ule wa 1979 ni wa kutokomeza aina zote za ubaguzi dhidi ya wanawake. Baada ya "wa" unaweka msingi: rangi, jinsia, dini. Baada ya "dhidi ya" unaweka walioumia. Ukichanganya milango ukaandika "ubaguzi wa wanawake", msomaji hajui kama wanawake wanabagua au wanabaguliwa. Ukitaka vyote viwili, andika "ubaguzi wa kijinsia dhidi ya wanawake".

Je, lazima kuwe na nia mbaya? Joseph Price na Justin Wolfers, katika utafiti uliochapishwa 2010, walichambua mechi za NBA, ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya Marekani, na kuona kwamba wachezaji waliitiwa faulo nyingi zaidi pale waamuzi wengi wa mechi walipokuwa wa rangi tofauti na yao kuliko walipokuwa wa rangi yao. Msingi ni rangi, na kuna walioumia, kwa hiyo neno ubaguzi linasimama hata kama hakuna mwamuzi aliyeamka asubuhi akipanga hivyo. Lakini tofautisha tendo na mtu. "Uamuzi wa kibaguzi" unaeleza kilichotokea. "Refa ni mbaguzi" inampiga mtu chapa, na chapa hiyo inataka ushahidi wa tabia yake, si wa mechi moja. Mhariri mwenye busara atakurudishia sentensi ya pili hata kama anakubaliana nawe.

Kuna pia ukabila na udini, ambayo ni maneno finyu kuliko ubaguzi kwa upande mmoja na mapana kwa upande mwingine: yanataja msingi mmoja tu, lakini yanabeba pamoja kuwapendelea wa kwetu na kuwatenga wa kwao. Ukiwa na ushahidi wa pande zote mbili, yanakupunguzia maneno.

Linamfaa mtetezi wa haki, mwanasheria, mtafiti na yeyote anayeweza kujibu swali "kwa msingi gani?"

Uonevu

Hili limezaliwa na kuona, kwa njia ya kuonea, na kitenzi chake kina tabia ya pekee. Kumwonea mtu huruma ni wema. Kumwonea wivu ni udhaifu. Kumwonea haya ni adabu au aibu. Ukiondoa kijalizo, yaani lile neno linalokamilisha kitenzi, ukaacha "kumwonea" peke yake, umemshtaki mtu. Kwa hiyo usikate sentensi vibaya: "kiongozi aliwaonea wakimbizi huruma" likikatwa kwenye kichwa cha habari kikabaki "kiongozi awaonea wakimbizi", umeunda habari nyingine kabisa.

Sentensi ya uonevu inamtazama mwenye nguvu. Kundi si lazima, na faida si lazima. Anaweza kukuonea bila kupata chochote. Kinachotakiwa ni ngazi: mmoja yuko juu, mwingine chini. Mnyonge hana haki, husema watu kwa uchungu, na ndiyo hali ambayo neno hili linaieleza. Jaribio lake ni rahisi, pindua sentensi. "Mkurugenzi alimwonea mfagiaji" inasimama. "Mfagiaji alimwonea mkurugenzi" inachekesha, ingawa mfagiaji anaweza kabisa kumchukia mkurugenzi, kumwibia au kumsingizia. Refa ana filimbi na kadi, mchezaji hana. Ndiyo maana shabiki wa pili amesema neno ambalo halimponyoki.

Udhaifu wake ni kwamba linaeleza jinsi jambo lilivyomwelemea mtu kuliko linavyotaja kanuni iliyovunjwa. Katika barua rasmi, "nimeonewa" inaomba swali la "kivipi?" na usipolijibu katika sentensi inayofuata, barua inaonekana ya hasira tu. Linamfaa mlalamikaji, mzazi, mwalimu anayeshughulikia wanafunzi wakubwa wanaowatesa wadogo. Kama mateso yanajirudia na yamekuwa mazoea, unyanyasaji linaweza kufaa zaidi.

Dhuluma

Asili yake ni Kiarabu, na limekuja na nduguze: kudhulumu na dhalimu. Kati ya maneno yote haya ndilo linalodai haki itajwe. Kitenzi chake kinapenda kubeba watu na vitu pamoja: walimdhulumu ndugu yao urithi, kibarua amedhulumiwa mshahara wa miezi mitatu. Jaribu kuacha pengo baada ya "alidhulumiwa" uone kama unaweza kulijaza. Ukishindwa, huenda ulitaka kusema alionewa. Shabiki wa tatu alijaza: penalti yetu. Kama ilikuwa penalti kweli ni mjadala mwingine, lakini Kiswahili chake hakina doa.

Nomino ni pana kuliko kitenzi. Tunasema dhuluma za kikoloni tukiwa na maana ya mfumo mzima, na Kenya hutumia "dhuluma za kijinsia" pale ambapo Tanzania husema "ukatili wa kijinsia". Ukiandikia wasomaji wa pande zote mbili, eleza mara moja unamaanisha nini kisha uendelee. Ngeli yake ni I-ZI: dhuluma hii, dhuluma hizi.

Na tafadhali angalia dhalimu na dhalili. Dhalimu ndiye anayedhulumu. Dhalili ni mnyonge, aliyeshushwa. Silabi moja ikiteleza, aliyepokonywa shamba anageuka kuwa mpokonyaji.

Ni neno zito. Linawafaa wanaodai kitu kinachohesabika: mali, malipo, nafasi, kura. Ukilitumia kwa kila kuchelewa kujibiwa ujumbe, siku ya urithi halitakuwa na makali.

Chuki na dhana potofu

Haya mawili nayaweka pamoja kwa sababu yote yanakaa ndani ya mtu, kabla ya tendo. Tofauti yao ni joto. Chuki inawaka. Dhana potofu inaweza kuwa baridi kabisa, hata ikasemwa kwa tabasamu: "Wanawake hawaziwezi zamu za usiku, mimi nawahurumia." Msemaji huyo hachukii mtu. Ukimwandikia "ana chuki dhidi ya wanawake" atakukana, na wanaomfahamu watamuunga mkono. Andika kwamba ana dhana potofu kuhusu wanawake, na utaona hana pa kukwepea. Siku atakapomnyima mwanamke zamu hiyo kwa sababu ya dhana yake, tendo litaitwa ubaguzi. Dhana haijafutika hapo, imezaa tu.

Chuki huenda na "dhidi ya" au "kwa", na ngeli yake ni I-ZI. "Chuki chake" ni kosa linalotokana na ile chu- ya mwanzo kufanana na viambishi vya KI-VI. Dhana huenda na "kuhusu" au "juu ya".

Kuna neno moja zuri ambalo halitumiki vya kutosha: kasumba. Kwa asili ni afyuni, na kutoka hapo likapata maana ya fikra iliyomlevya mtu kwa muda mrefu hadi akaiona ni akili yake mwenyewe. Kasumba ya kikoloni ndiyo maarufu, lakini halizuiliki hapo. Litumie pale ambapo fikra imepandikizwa na kurithiwa. Fikra ya jana jioni si kasumba. Kwa picha iliyoganda kuhusu kundi zima, wengi sasa husema fikra mgando.

Na mara nyingine nomino zote hazitoshi. Kile kitendo cha kutoa hukumu kabla ya kusikiliza, Kiswahili hukieleza vizuri zaidi kwa vitenzi: "alimhukumu kabla ya kumjua". Sijaona nomino inayoishinda sentensi hiyo.

Maneno haya yanamfaa mshauri nasaha, mwandishi wa makala za kijamii na mtafiti wa saikolojia. Yanamponza mwandishi wa habari, kwa sababu yanadai kuona ndani ya moyo wa mtu. Kauli za chuki ni jambo jingine, maana hizo zimeshatoka mdomoni na zinaweza kunukuliwa.

Na pale yanapotajwa madhara tu?

Wakati mwingine huna haja ya kumshtaki mtu, unataka kusema tu kwamba haki au kesi imepata dosari. Hapo kitenzi ni kuathiri: "ushahidi uliochelewa uliathiri utetezi wake". Kumbuka kwamba athari inaweza kuwa nzuri au mbaya, kwa hiyo kama ni mbaya pekee, andika madhara. Na ile kauli ya lugha ya sheria, "bila kuathiri" (kwa Kiingereza "without prejudice"), maana yake ni kwamba haki nyingine za mhusika zinabaki kama zilivyo. Mtu akiiandika "bila upendeleo" au "bila ubaguzi" kwenye barua ya kutafuta suluhu ameandika kitu kingine, na upande wa pili una haki ya kumuuliza ubaguzi umetoka wapi.

Maneno mawili yanapogombea sentensi moja

Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kibiashara zinazotambua jinsia ya mtu kwa kutazama uso. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe, makosa hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake wenye ngozi nyeusi yalifika asilimia 34.7. Tuiteje hali hiyo? Programu haina mpwa, haina moyo wa kuchukia, wala haina cheo cha kumwonea mtu.

Ningegawa sentensi. Kuhusu chanzo, ikithibitika kwamba ni data: "picha zilizotumika kuifundisha programu ziliegemea zaidi wanaume na watu weupe." Kuegemea halimshtaki mtu, na kwa mambo ya data ni sahihi kuliko upendeleo, ingawa "sampuli yenye upendeleo" imeshazoeleka na sitagombana na anayeitumia. Kuhusu matokeo, programu hiyo ikitumika kuwapitisha au kuwazuia watu mlangoni: "mfumo unawabagua wanawake weusi." Msingi upo, na walioumia wapo.

Kulingana na ulichonacho mkononi

Ukiwa na jina la aliyepewa asichostahili, na huna uhakika wengine waliachwa kwa nini, andika upendeleo, na utumie "kwa".

Ukiwa na takwimu zinazoonyesha kundi fulani linaanguka kila mara, andika ubaguzi au "wa kibaguzi", taja msingi katika sentensi hiyohiyo, na usimwite mtu mbaguzi kama takwimu ni za taasisi nzima.

Ukiandika malalamiko dhidi ya mkubwa wako, anza na kilichotokea, tarehe na maneno aliyotumia, kisha uonevu uje mwishoni. Kama kuna malipo au likizo uliyonyimwa, umepanda daraja: andika "nimedhulumiwa" na utaje kiasi.

Ukitafsiri mkataba, rudi kwenye kuathiri. Ukitafsiri makala ya kompyuta, jiulize kama mwandishi anazungumzia data au watu kabla hujagusa neno lolote.

Ukiandika kuhusu fikra za jamii yako mwenyewe, dhana potofu na kasumba zitakupa nafasi ya kujiweka ndani ya sentensi, "kasumba yetu", jambo ambalo chuki na ubaguzi hulifanya kwa shida. Nyani haoni kundule, lakini kiambishi cha "-etu" kinasaidia kidogo.

Na kama uko jukwaani, dakika ya 89, piga kelele "katuonea" bila wasiwasi. "Anawabeba" ihifadhi mpaka umehesabu filimbi za kipindi chote.